Kihisi cha Joto Hakikuwa na Kosa

Kwa siku nne mfululizo niliketi mbele ya kabati tupu la kutotolesha vifaranga nikitazama nambari zikirukaruka kwenye skrini yake ndogo: 37.1, kisha 37.6, kisha 36.6, ghafla 39.1, halafu 37.1 tena, na yote hayo ndani ya sekunde kumi. Pembeni mwa kihisi nilikuwa nimening'iniza kipimajoto cha kioo, nacho kilisimama karibu na digrii 37 na nusu, kikipanda na kushuka taratibu sana kama inavyotarajiwa kwa hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku. Mayai ya kuku katika kabati lenye feni huhitaji joto la karibu digrii 37.5 za Selsiasi kwa muda wa siku 21, na joto likizidi kwa digrii mbili kwa saa nyingi linaweza kuua viinitete. Kwa hiyo sikuthubutu kuweka hata yai moja mpaka nielewe ni kipi kati ya vipimo viwili kilichokuwa kikisema kweli.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Kihisi kilikuwa LM35, ambacho hutoa milivolti 10 kwa kila digrii moja, maana yake kwa joto la digrii 37.5 hutoa milivolti 375. Kilisomwa na bodi ya Arduino Uno yenye mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya ATmega328P, ambayo ndani yake mna kigeuzi kinachopokea volti na kuitolea nambari kati ya 0 na 1023. Programu niliyoiandika iliibadilisha nambari hiyo kuwa digrii, na joto liliposhuka chini ya kiwango ikawasha rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya balbu ya kupashia joto pamoja na feni ndogo ya volti 5 ya kusambaza hewa. Bodi, rilei na feni vyote vilipata umeme kupitia kebo moja ndefu na nyembamba ya USB. Kiwango cha joto nilikichagua kwa kuzungusha potenshomita, kitasa cha kubadilisha volti, iliyounganishwa kwenye pini nyingine ya analogi. Nayaeleza haya kwa sababu karibu kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na mchango wake katika tatizo, isipokuwa kile nilichokishuku kwanza.

Nilichokishuku kwanza kilikuwa kihisi. Nilikitoa nikaweka kingine, nambari zikaendelea kuruka. Nikaweka cha tatu, hali ikawa ile ile. Kihisi cha aina hii kikiharibika kweli huwa na dalili zake: husoma sifuri, au hung'ang'ania nambari moja ya juu, au huchoma vidole ukikigusa kwa sababu mguu wa umeme na wa graundi (upande hasi wa umeme) vimegeuzwa. Vihisi vitatu kuugua ugonjwa mmoja kwa namna moja ni jambo gumu kutokea, na hapo ndipo nilipopaswa kuviacha. Badala yake nilikimbilia programu, nikaiamuru isome mara kumi na kuonyesha wastani.

Hatua hiyo ya wastani ndiyo ninayoijutia zaidi katika safari nzima. Nambari zilitulia. Skrini ilionyesha 38.2, 38.3, 38.2, ikapendeza macho, huku kipimajoto cha kioo kikiendelea kusema 37.5. Nilikuwa nimechukua vipimo vyenye kosa na visivyo na kosa, nikavichanganya katika chungu kimoja, na kilichotoka hakikuwa kelele tena, yaani mirukoruko ya nambari, bali kosa lililotulia, ambalo ni gumu zaidi kulitambua. Wastani hupunguza kelele zinazocheza sawasawa pande zote mbili za ukweli. Kosa linalovuta upande mmoja tu haligusi, hulifunika. Laiti nisingekuwa na kile kioo pembeni, ningeyaweka mayai siku hiyo hiyo kwa moyo mweupe.

Nikaondoa wastani. Nikaondoa hata hesabu ya digrii, nikaiacha programu itume kwenye kompyuta nambari ghafi ya kigeuzi peke yake, mstari mmoja kwa kila usomaji, na pembeni yake alama inayoonyesha kama rilei imewashwa au imezimwa. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza: skrini haikuwahi kuonyesha 37.3 wala 37.4. Ilitoka 37.1 moja kwa moja hadi 37.6. Kigeuzi kinapolinganisha na volti 5 hugawa volti hizo katika hatua 1024, na kila hatua huwa na takriban milivolti 4.88, kwa kihisi chenye milivolti 10 kwa digrii, hiyo ni karibu nusu digrii kwa hatua moja. Nambari ghafi 76 ni digrii 37.1, nambari 77 ni digrii 37.6, na kati yao hapana kitu. Joto halisi likikaa karibu na mpaka wa hatua mbili, kelele ndogo kabisa inatosha kuisukuma nambari huku na huku. Sehemu ya mruko niliokuwa nikiulalamikia, basi, haikuwa hitilafu bali ukubwa wa hatua za rula niliyoichagua mwenyewe bila kujua kwamba nimechagua.

Lakini hatua za nusu digrii hazielezi mruko wa kutoka 37.1 hadi 39.1, na hapa nilihitaji njia ya kukitenga kihisi kabisa. Nilichukua betri ya volti 1.5, nikaiunganisha na rezista mbili (vipande vya kuzuia mkondo) zilizofuatana, moja ya kiloomu 10 na nyingine ya kiloomu 3.3, na kutoka kwenye makutano yao nikapata volti 0.372 kwa kipimo cha multimita. Kwa macho ya mikrokontrola hiyo ni digrii 37.2, joto bandia lisiloathiriwa na balbu, feni wala upepo. Nikaunganisha upande hasi wa betri kwenye pini ya graundi ya bodi, na makutano ya rezista kwenye pini ya analogi mahali pa kihisi. Kisha nikakaa kutazama.

Nambari ghafi ilikuwa 75 au 76 rilei ikiwa imezimwa. Rilei ilipolia na feni ikaanza kuzunguka, nambari ilipanda ghafla hadi 80, yaani digrii 39.1, na ikabaki huko mpaka rilei ilipoachia. Betri haijui kama balbu inawaka. Haikuwa imebadilika hata kidogo, na multimita ilinithibitishia hivyo: volti 0.372 kabla, volti 0.372 baada. Kilichobadilika kilikuwa upande wa pili wa mizani.

Ningependa kulieleza jambo hili polepole, kwa kuwa niliwahi kulisoma mara nyingi bila kulielewa. Kigeuzi hakipimi volti. Kigeuzi hulinganisha volti mbili, ile inayoingia kwenye pini na ile ya marejeo, kisha hutoa nambari inayosema ya kwanza ni sehemu ngapi ya ya pili. Usipoiambia bodi vinginevyo, volti ya marejeo ni ile ile inayoiendesha, ambayo kwa jina ni volti 5 lakini kwa uhalisia ni chochote kinachobaki baada ya umeme kupita kwenye kebo. Nilipima kati ya pini ya volti 5 na graundi ya bodi: rilei na feni vikiwa vimezimwa, volti 5.02, vikiwa vimewashwa, volti 4.75. Zaidi ya robo ya volti ilipotelea kwenye kebo ya USB kila mara feni ilipozunguka. Programu yangu ilikuwa na nambari 5.0 iliyoandikwa ndani yake kwa wino usiofutika, kwa hiyo marejeo yaliposhuka, milivolti zile zile za kihisi zilionekana kuwa sehemu kubwa zaidi, na programu ikaripoti joto ambalo halikuwepo.

Kilichonitisha zaidi ni kile ambacho kosa hilo lilifanya lilipoingia katika uamuzi wa kuwasha na kuzima. Joto lilishuka, programu ikawasha balbu na feni. Volti ikashuka, kipimo kikapanda kwa digrii mbili za uongo. Programu ikaona joto limetosha, ikazima. Volti ikarudi, kipimo kikashuka, programu ikawasha tena. Rilei ililia tik-tak bila kupumzika, nami kwa siku mbili nilikuwa nimeufikiria mlio huo kama matokeo ya vipimo vibovu, kumbe ulikuwa pia chanzo chake. Hakuna kichujio cha programu ambacho kingekata mduara huo, kwa sababu kila nambari ndani yake ilikuwa imepimwa kwa usahihi dhidi ya kipimio kilichokuwa kikirefuka na kufupika.

ATmega328P ina volti ya marejeo ya ndani ambayo kwa jina ni 1.1, na ambayo haifuati volti ya kebo. Kwa LM35 hiyo inatosha kupima hadi karibu digrii 110, zaidi sana ya mahitaji ya kabati langu, na ukubwa wa kila hatua hushuka kutoka nusu digrii hadi takriban sehemu moja ya kumi ya digrii. Mambo mawili yanafuatana nayo. La kwanza, jina la 1.1 si ahadi: mtengenezaji anaruhusu chipu moja iwe na volti 1.0 na nyingine 1.2, hivyo kila mtu hana budi kuipima ya kwake. Volti hiyo huonekana kwenye pini ya AREF, pini ya volti ya marejeo, baada ya programu kuichagua, na yangu ilikuwa 1.083. Ningeiacha programu iamini 1.1, kipimo kingezidi kwa karibu digrii 0.6 siku zote, kikiwa kimetulia na kibaya kwa wakati mmoja. La pili, pini hiyo ya AREF isiunganishwe na volti yoyote ya nje wakati marejeo ya ndani yametumika, kwani ni kuzifunga volti mbili pamoja na kuhatarisha chipu. Pia usomaji wa kwanza baada ya kubadili marejeo huwa si wa kuaminika. Mimi huutupa pamoja na michache inayoufuata.

Hapo ndipo potenshomita ilipoanza kunisumbua. Ilikuwa ikitoa volti kati ya 0 na 5, na kwa marejeo ya 1.1 karibu mzunguko wake wote ulisomeka 1023. Ningeweza kubadili marejeo kila mara kabla ya kuisoma, lakini hilo lingemaanisha kuvuruga kipimo cha joto mara kadhaa kwa sekunde. Tena nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba kuizungusha kulikuwa kukisogeza kipimo cha joto kidogo, jambo ambalo lina maelezo yake: pini zote za analogi hutumia kigeuzi kimoja kwa zamu, na ndani yake mna kapasita (kipande cha kuhifadhi chaji ya umeme) ndogo sana ya takriban pikofaradi 14 inayopaswa kujazwa upya kila zamu inapobadilika. Chanzo chenye ukinzani wa hadi kiloomu 10 huijaza kwa wakati; potenshomita yangu ilikuwa ya kiloomu 100, haikuweza kwa wakati uliopo, na masalia ya volti ya pini moja yalijitokeza katika usomaji wa pini nyingine. Dawa ya kawaida ni kusoma mara mbili na kuutupa usomaji wa kwanza. Mimi niliing'oa potenshomita nikaweka vibonyezo viwili kwenye pini za dijitali, kimoja cha kupandisha kiwango na kimoja cha kushusha, na sijaikumbuka tangu hapo.

Nikarudisha betri na rezista zake. Nambari ghafi sasa ilikuwa 351 au 352, rilei ikiwa imewashwa au imezimwa, na ikabaki hapo nusu saa nzima. Nilifurahi, nikarudisha kihisi, na furaha ikakatika: feni ilipowaka, kipimo kilipanda kwa digrii 0.8 papo hapo, na ilipozimwa kikashuka papo hapo. Hewa haiwezi kupashwa moto kwa digrii 0.8 ndani ya sehemu ya sekunde. Kosa hili lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilikuwa limejificha chini ya kubwa lililotangulia, na hatua pana za nusu digrii zilikuwa zimelizika kabisa.

Betri ndiyo iliyonionyesha njia tena. Badala ya kuunganisha upande wake hasi kwenye pini ya graundi ya bodi, niliuunganisha pale ambapo mguu wa graundi wa kihisi ulikuwa umekaa, kwenye mstari wa pamoja wa bredibodi, ubao wa kuunganishia vipande bila solda, na hapo hapo mruko wa digrii 0.8 ukajitokeza hata kwa betri. Nikaiweka multimita kwenye kipimo cha milivolti, ncha moja kwenye graundi ya kihisi na nyingine kwenye graundi ya bodi. Sehemu hizi mbili kwa mchoro ni kitu kimoja, mstari mmoja wenye jina moja. Kwa kipimo, feni ikiwa inazunguka, kulikuwa na milivolti 8 kati yao.

Mchoro huchora waya kana kwamba hauna ukinzani, na kwa kazi nyingi uongo huo hauna madhara. Katika kabati langu waya mwembamba mmoja ulirudisha kwenye bodi mkondo wa feni, wa rilei na wa kihisi kwa pamoja. Waya huo na viungo vyake vya bredibodi havikuhitaji kuwa na ukinzani mkubwa: mkondo wa robo ampea ukipita kwenye sehemu tatu za mia za oomu unazaa milivolti 7 na nusu, na kwa kihisi cha milivolti 10 kwa digrii hizo ni robo tatu ya digrii. Kihisi kilikuwa kikitoa milivolti sahihi kabisa juu ya graundi yake, lakini graundi yake yenyewe ilikuwa imeinuliwa juu ya ile ya bodi na mkondo wa jirani. Niliutenga waya wa graundi wa kihisi, nikaupeleka peke yake hadi kwenye pini ya bodi, na rilei na feni nikazipa waya wao mnene pamoja na chanzo chao cha umeme, nikihakikisha kwamba pande zote mbili zinakutana katika sehemu moja tu. Mruko ukatoweka. Kati ya marekebisho yote niliyofanya, hili ndilo lililokuwa la bei ya kipande cha waya, na ndilo ambalo tangu wakati huo naliangalia kwanza katika kila kifaa chenye kihisi na injini kwenye bodi moja.

Baada ya hapo niliuondoa mfumo kwenye bredibodi, nikaushikiza kwa solda, na kukirefusha kihisi kwa waya wa mita moja na nusu ili kifike katikati ya kabati. Kelele mpya zikazuka. Safari hii hazikuwa na uhusiano wowote na feni. Nambari zilicheza digrii moja hadi mbili wakati wote, na nikiugusa waya kwa mkono zilibadilika. Kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba kapasita hutuliza kelele, nilitia ya nanofaradi 100 moja kwa moja kati ya mguu wa kutolea wa kihisi na graundi. Hali ikawa mbaya zaidi.

Nilisoma upya karatasi ya maelezo ya kiufundi ya LM35, safari hii mstari kwa mstari badala ya kurukia ukurasa wa miguu yake, na maelezo yalikuwepo. Kihisi hiki bila msaada huweza kuhimili mzigo wa kapasita wa pikofaradi 50 tu. Waya wa mita moja na nusu peke yake huweza kuwa na zaidi ya hapo, kwa kuwa nyaya mbili zinazokwenda sambamba ni kapasita ndefu. Mzigo ukizidi, kikuza volti kilichomo ndani ya kihisi huanza kutetema chenyewe, na nanofaradi 100 nilizoziongeza zilikuwa mara 2,000 ya kile kinachoruhusiwa. Nilipopata nafasi ya kutumia oskiloskopu niliuona mtetemo huo kwa macho yangu, wimbi safi juu ya mstari uliopaswa kuwa tambarare. Tiba iliyoandikwa ni rezista ya kiloomu 2 kwenye mguu wa kutolea, karibu kabisa na kihisi, ili kuutenga na mzigo wa waya. Rezista hiyo ikishakuwepo, kapasita ya nanofaradi 100 inaweza kuwekwa mwisho wa pili, kwenye pini ya mikrokontrola, na wawili hao kwa pamoja huwa kichujio kinachokata kelele za zaidi ya takriban hezi 800. Ni vipande vile vile nilivyokuwa navyo mezani. Tofauti ilikuwa mahali pa kuvikalisha. Niliongeza pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya miguu ya umeme na graundi ya kihisi, nikazisokota nyaya zake pamoja, na kuziweka mbali na waya wa umeme mkubwa unaokwenda kwenye balbu.

Sasa tu, baada ya yote hayo, ndipo programu ilipopata kazi yake halali. Kilichobaki kilikuwa mchezo mdogo wa hatua mbili au tatu pande zote mbili, mwingi wake ukitokana na umeme wa balbu, ambao hupanda na kushuka mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Nilisoma mara 100 kwa nafasi ya milisekunde moja. Muda wa milisekunde 100 una mawimbi 5 kamili ya umeme wa hezi 50 na mawimbi 6 kamili ya ule wa hezi 60, hivyo vilele na mabonde hufutana katika hali zote mbili. Ukichukua wastani wa muda usiogawanyika hivyo, sehemu ya wimbi hubaki na kipimo huyumba polepole kama kitu kinachopumua.

Wastani huo wa mara 100 karibu uniletee balaa. Asubuhi, kabati likiwa baridi, kila kitu kilikwenda vizuri. Joto lilipanda, 30, 32, 34, na lilipokaribia 34.7 skrini ikaonyesha ghafla digrii 34.6 chini ya sifuri. Programu, kwa kuamini kwamba kabati limeganda, iliiacha balbu iwake. Kipimajoto cha kioo kilikuwa kimefika 41 nilipoingia chumbani. Kosa lilikuwa la hesabu: katika mikrokontrola hii nambari kamili ya kawaida ina biti 16 na haivuki 32,767, nami nilikuwa nikijumlisha nambari ghafi 100 kabla ya kugawanya. Zikiwa chini ya 327 kila moja, jumla inaingia. Zikivuka hapo, jumla inafurika na kugeuka hasi. Nilipokuwa nikijumlisha mara kumi tu kosa hilo halikuweza kutokea, ndiyo maana sikulitegemea. Niliibadilisha jumla kuwa nambari ndefu ya biti 32, kisha nikaongeza sharti ambalo lilipaswa kuwepo tangu mstari wa kwanza wa programu: kipimo chochote kilicho chini ya digrii 5 au juu ya 50 kinaizima balbu na kupiga kengele, bila kujali sababu. Nilitetemeka nilipofikiria lile kabati likiwa na mayai ndani. Kifaa chochote kinachoongoza moto kwa kutegemea kihisi kinapaswa kujua la kufanya kihisi kinaposema jambo lisilowezekana, na naona ni makosa makubwa kukiwasha kabla ya hapo.

Wakati huo huo niliitenganisha joto la kuwashia na la kuzimia: balbu iliwaka kipimo kilipofika 37.3 na kuzima kilipofika 37.7. Rilei iliyokuwa ikilia kila sekunde chache sasa ililia mara moja kwa dakika kadhaa.

Bado nambari zilipanda na kushuka. Kwa mazoea ya wiki nzima nilianza kutafuta kosa jingine la umeme, nikairudisha betri mahali pa kihisi, na nambari ghafi ikakaa 351 na 352 kwa saa nzima, feni ikizunguka na kusimama. Umeme ulikuwa safi. Nikarudisha kihisi na kuchora grafu ya saa 12 ya usiku mzima, na wimbi nililoliona lilikuwa la taratibu, la kati ya digrii 37.2 na 37.8, likilandana na kuwaka na kuzima kwa balbu kwa kuchelewa kidogo, na kile kioo kililifuata. Hilo halikuwa kelele. Lilikuwa joto lenyewe la kabati, hewa ikipashwa na kupoa kama inavyopaswa. Nilikuwa nimekiweka kihisi kikitazamana na balbu, na sehemu ya wimbi ilitokana na mwanga wake uliokipiga moja kwa moja. Nilikikinga kwa kipande cha karatasi ngumu, nikakisogeza hadi usawa wa trei, na wimbi likapungua likawa kati ya 37.3 na 37.7.

Nililiacha likimbie hivyo kwa siku mbili zaidi, kebo ya USB ikichomolewa na kuchomekwa, feni ikizuiwa kwa kidole na kuachiwa, mlango ukifunguliwa na kufungwa, huku betri yenye rezista mbili ikiwa imefungwa kwa mpira kando ya bodi tayari kuulizwa tena. Jioni ya siku ya pili nikayapanga mayai kwenye trei, ncha pana juu, nikafunga mlango.